Injini ya ndege ndogo inatikisika: namna ya kumtafuta mchawi bila kufungua kila kitu

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Fundi, ndege yangu imeanza kutetemeka. Nibadilishe plagi?" Mwingine huja ameshabadilisha plagi zote nane, ameshanunua magneto mpya (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi), na dira bado inacheza kama imelewa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa ndege za injini moja ya pistoni, zile za Lycoming na Continental za silinda nne au sita, pamoja na maneno machache kuhusu Rotax 912. Haukupi leseni ya kufungua usichoruhusiwa kufungua. Kazi nyingi humu lazima zifanywe au zisainiwe na fundi mwenye cheti, na kitabu cha ndege yako kikitofautiana na mimi, fuata kitabu. Faida yako ni kwamba utamfikia fundi ukiwa na habari kamili, na fundi mwenye habari hafanyi kazi ya kubahatisha kwa pesa zako.

Kwanza: lini usiguse throto (mkono wa nguvu ya injini) kabisa

Ndege haitoki hapo ilipo mpaka ikaguliwe endapo propela imegonga kitu chochote, hata nyasi ndefu au tope, na hata kama injini haikuzimika. Haitoki pia ukiona ufa kwenye jani la propela au kwenye mabomba ya chuma yanayobeba injini, ukikuta vipande vya chuma kwenye filta ya oili, au kama mtikisiko umeanza ghafla na kwa nguvu. Propela ikigonga, pigo linasafiri mpaka ndani ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini) na gia za nyuma. Kwa nje unaweza usione hata mkwaruzo. Watengenezaji wa injini wana maelekezo maalumu ya ukaguzi baada ya tukio kama hilo, na hayana njia ya mkato.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha rubani cha ndege hiyo, na kitabu cha matengenezo cha injini.
- Daftari na kalamu. Nasema kweli, ndicho kifaa cha kwanza.
- Kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama bastola.
- Tochi na kioo kidogo chenye mkono.
- Spana ya boksi ya kufungulia plagi za ndege, spana ya kupimia ukazo, geji ya nafasi ya plagi na mita ya umeme ya kupimia omu.
- Kigogo au koni ya kuweka mbele ya ncha ya propela.
- Vizuizi vya magurudumu na kamba ya kufungia mkia.
- Mtu wa pili. Usiwashe injini ya ndege na kuizunguka ukiwa peke yako.

Kabla hujaisogelea propela kwa sababu yoyote: ufunguo uwe mfukoni mwako, mchanganyiko (mkono wa kupima mafuta yanayochanganyika na hewa) umefungwa, throto imefungwa, magurudumu yamezuiwa. Hata hapo, ichukulie kwamba inaweza kuwaka. Magneto haihitaji betri. Waya mmoja mwembamba ndio unaoizima kwa kuipeleka kwenye bodi, na ukikatika, swichi inasema "zima" huku magneto iko hai. Ukizungusha propela kwa mkono kidogo tu, silinda yenye mvuke wa mafuta inaweza kuwaka.

Nadharia kidogo, halafu tuendelee

Chukua injini inayozunguka mara 2400 kwa dakika. Hiyo ni mara 40 kwa sekunde. Propela iliyofungwa moja kwa moja kwenye krankshafti, ikiwa haina mizani, itasukuma mara 40 kwa sekunde. Unaihisi kama mvumo wa haraka kwenye nyayo, kwenye kiti na kwenye dashibodi.

Kila silinda, kwa upande wake, inawaka mara moja katika mizunguko miwili. Ikilala silinda moja, pengo linarudi mara 20 kwa sekunde. Huo ni mtikisiko mzito, wa polepole, unaoyumbisha injini nzima kama punda anayechechemea. Boneti inacheza ukiitazama.

Huwezi kuhesabu kwa sikio, lakini mwili unatofautisha. Mtikisiko wa kuchechemea ni wa moto, mafuta au valvu. Mvumo wa haraka unaopanda sawasawa na mzunguko ni wa propela na vinavyozunguka nayo. Kwenye Rotax 912 kuna gia katikati, na kwenye ile ya nguvu farasi 100 uwiano ni 2.43, kwa hiyo injini ikiwa 5000 propela iko karibu 2060. Hapo mvumo wa propela ni wa chini zaidi kuliko unavyotarajia, na watu wengi huukosea.

Hatua

1. Andika kabla ya kugusa.

Ilianza lini, na ilianza baada ya nini? Ni kwenye mzunguko gani inazidi? Ikiwa ya baridi au ya moto? Ardhini, hewani, au kote? Inabadilika ukipunguza mchanganyiko, ukivuta joto la kabureta, ukibaki na magneto moja?

Swali zito ni la "baada ya nini". Mwenye ndege mmoja aliniapia kwamba ndege yake haijaguswa. Nikamuuliza tena. "Haijaguswa, ni mkanda wa alternata tu ulibadilishwa." Sasa kwenye Lycoming nyingi mkanda ule hautoki mpaka propela itoke! Walipoirudisha waliigeuza nusu mzunguko, na ile mizani ndogo iliyokuwa imezoeleka ikapotea. Tukaifungua, tukairudisha kwenye alama yake ya zamani, kazi ikaisha kabla ya mchana. Yeye alikuwa ameshaulizia bei ya silinda.

2. Hakikisha ni injini.

Hewani, kwenye kimo salama, shikilia mwendo uleule wa hewa huku ukibadilisha mzunguko wa injini kwa kupanda au kushuka kidogo. Halafu fanya kinyume: mzunguko uleule, mwendo tofauti. Mtikisiko ukifuata mzunguko, ni injini au propela. Ukifuata mwendo wa hewa, tafuta kwenye mwili wa ndege: mlango usiokaa vizuri, kifuniko cha gurudumu kilicholegea, antena. Kama ni usukani au mkia unaotetemeka, punguza mwendo mara moja, tua, na usirudie jaribio. Ulegevu kwenye vidhibiti vya mkia haufanyiwi utafiti angani.

Mtikisiko wa ardhini peke yake, unaokuja kwenye mwendo fulani wa kukimbia, mara nyingi ni gurudumu la mbele linalotikisa kichwa au tairi lililolika upande mmoja.

Na angalia mikanda ya viti. Rubani mmoja alirudi uwanjani dakika chache baada ya kuruka, uso umempauka, anasema injini inagonga ndani. Mkanda wa abiria ulikuwa umening'inia nje ya mlango, na kifungo chake cha chuma kilikuwa kimechubua rangi sehemu nzima chini ya mlango. Usicheke. Kelele ile ndani ya ndege ni kama bunduki.

3. Zunguka injini ikiwa baridi.

Toa boneti. Tafuta vitu vya kuonekana: plagi yenye waya uliolegea, madoa ya buluu kwenye mabomba ya kuingizia hewa (petroli ya 100LL ina rangi ya buluu, ikivuja na kukauka inaacha alama), masizi meupe au ya kijivu kwenye maungio ya mabomba ya moshi, oili mpya mahali palipokuwa pakavu. Tazama pia chuma kilichong'aa kwa kusuguliwa. Mng'ao huo ni ushahidi, nitaurudia kwenye hatua ya 9.

Kama ndege yako ina pampu ya mkono ya kuwashia, hakikisha mkono wake umefungwa sawasawa. Ukiachwa wazi, injini inanyonya mafuta ya ziada kupitia hapo na inakwenda kwa kukohoa, hasa ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kuongezwa throto. Ni kosa la bure kabisa, na limekula mchana wa mafundi wengi.

4. Jaribu magneto, lakini kwa makini kuliko ulivyozoea.

Ipashe injini moto. Panda hadi mzunguko ulioandikwa kwenye kitabu chako, kwa kawaida kati ya 1700 na 2000. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikilishwa na magneto yake. Nenda magneto moja, subiri, rudi zote mbili, nenda nyingine. Wengi hugeuza ufunguo haraka kama wanafungua kabati. Kaa sekunde kadhaa kila upande na usikilize.

Mipaka iko kwenye kitabu. Kwa ndege nyingi ndogo ni kushuka kusikozidi 125 hadi 175, na tofauti ya pande mbili isizidi 50. Lakini namba si kila kitu:

- Upande mmoja unachechemea, mwingine laini: tatizo ni la moto. Nenda hatua ya 5.
- Pande zote mbili zinachechemea sawa: moto hauna kosa kwa sehemu kubwa. Ruka hadi hatua ya 6 na 7.
- Inashuka sana lakini ni laini: mpangilio wa muda wa magneto, au mchanganyiko mbaya.
- Haishuki kabisa: usifurahi. Huenda magneto nyingine haizimiki, na propela yako iko hai hata ukiwa umetoa ufunguo.

Ikichechemea, jaribu kuisafisha kwanza. Panda karibu 2000, punguza mchanganyiko mpaka injini ianze kulegea kidogo, kaa hivyo dakika moja hivi, rudisha, rudia jaribio. Mara nyingi ni risasi iliyokwama kwenye plagi. 100LL ina madini ya risasi, na yanapenda kuganda plagi zikiwa baridi, yaani wakati unatambaa ardhini na mchanganyiko umejaa. Ikisafishika, jifunze kupunguza mchanganyiko unapotambaa na tatizo halitarudi upesi.

5. Mtafute aliye baridi, kisha toa plagi zake.

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kufungua chochote. Injini ianze ikiwa baridi. Iwashe, iweke kwenye magneto mbovu, mzunguko 1000 hadi 1200, dakika moja. Izime kwa mchanganyiko. Propela ikisimama kabisa, elekeza kipimajoto kwenye kila bomba la moshi, karibu na silinda, sehemu ileile kwa kila moja.

Tatu zitakuwa za moto na moja itakuwa imelala. Tofauti si ya kubishania, utaiona waziwazi. Kwenye silinda hiyo, plagi inayolishwa na ile magneto ndiyo mshukiwa wako. Moja, si nane.

Kama ndege ina geji ya joto la moshi kwa kila silinda, kazi ni rahisi zaidi. Ukienda kwenye magneto moja, joto la moshi hupanda kwa silinda zote, kwa sababu moto unachelewa kuisha. Inayoshuka badala ya kupanda ndiyo yenye kosa.

Itoe plagi, ishike kwenye mwanga. Vijiwe vya kijivu vilivyobanana ndani kama changarawe ni risasi. Nyeusi kavu kama masizi ya jikoni ni mafuta mengi kupita kiasi. Nyeusi yenye unyevu unaong'aa ni oili, na kama ni plagi ya chini tu, si lazima iwe habari mbaya, oili hushuka chini. Pima omu kutoka ndani ya pipa hadi ncha ya katikati. Mafundi wengi hutupa plagi inayozidi omu 5000, nami natupa pia. Nafasi ya plagi za kawaida za elektrodi nene ni inchi 0.016 hadi 0.021.

Kabla ya kununua mpya, badilishana: hamishia plagi hiyo kwenye silinda nyingine, rudia jaribio. Ubaridi ukihama nayo, ni plagi. Ukibaki palepale, ni waya au magneto yenyewe.

Ukirudisha: pete (washa) mpya ya shaba, grisi ya nyuzi kidogo sana na isifike kwenye uzi wa kwanza karibu na elektrodi, ukazo wa kitabu (Lycoming ni futi-pauni 35). Plagi iliyoanguka sakafuni imekufa. Kauri yake inaweza kuwa na ufa usioonekana, ukaonekana baadaye ukiwa juu ya miti.

6. Mbano na valvu.

Kazi hii ni ya fundi, na inataka watu wawili, injini ikiwa ya moto. Hewa ya psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba) inaingizwa kwenye silinda pistoni ikiwa juu, geji inasoma kilichobaki. Anayeshika propela asimame vizuri na asiwe na kitu kinachoning'inia mwilini. Pistoni ikipita kidogo tu, psi 80 inaweza kuizungusha propela kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Namba yenyewe inadanganya mara nyingi, ikipungua leo na kupanda wiki ijayo. Sikiliza hewa inakotorokea. Kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea. Kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi.

Kuna dalili moja sitaki uipuuze. Asubuhi injini inawaka ikichechemea vibaya, silinda moja imelala, baada ya dakika moja au mbili inapona yenyewe na siku nzima ni laini. Watu husema "ilikuwa baridi tu". Hiyo ni valvu ya kutolea inayonata kwenye mwongozo wake. Leo imejiachia, kesho inaweza kubaki wazi hewani au kupindisha fimbo inayoisukuma. Ikitokea hata mara moja, mwambie fundi.

Ukiwa hapo, omba filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga, sumaku ipitishwe. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inayolika hupunguza kunyanyuka kwa valvu kidogokidogo, na nguvu inapotea bila kelele.

7. Hewa na mafuta.

Ikichechemea kwenye sailensa lakini ikawa laini ukipandisha throto, shuku hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: gasketi ya bomba la kuingizia, mpira uliopasuka, klampu iliyolegea. Throto ikiwa imefungwa mvuto ndani ya mabomba ni mkubwa, kwa hiyo tundu dogo linaonekana. Ukifungua throto mvuto unapungua na tundu linasahaulika.

Ikiwa laini chini na kuchechemea kwenye nguvu kubwa au ukipunguza mchanganyiko, na injini ni ya nozeli (vijitundu vinavyopulizia mafuta kwa kila silinda, badala ya kabureta), shuku nozeli iliyoziba. Fundi atazifungua, kila moja ataielekeza kwenye chupa yake, chupa zote zikiwa sawa, atawasha pampu ya umeme na kulinganisha viwango. Petroli wazi, kwa hiyo pasiwe na cheche popote. Nozeli inaoshwa kwa dawa na kupulizwa. Usiichokoe kwa waya! Tundu lake halifiki milimita 1, ukilikwaruza umelibadilisha milele.

Kwa kabureta, kumbuka barafu. Mafuta yanapogeuka mvuke hupoza hewa mno, kwa hiyo barafu hujengeka hata nje kukiwa nyuzi 15 au 20 za Selsiasi na unyevu ni mwingi. Ukivuta joto la kabureta, injini itashuka, itakohoa vibaya zaidi, halafu itapanda. Huko kukohoa ni maji ya barafu yanayomezwa. Wanaorudisha mkono kwa hofu hapo ndio wanaoumia.

Rotax 912 ina kabureta mbili, moja kila upande. Zisipofungua kwa pamoja, upande mmoja unamvuta mwenzake na injini inatikisika vibaya kwenye mizunguko ya chini. Zilinganishwe kwa geji za mvuto, na usiiache ikizunguka chini ya 1400, gia yake haipendi.

8. Propela.

Kama mdundo ulikuwa wa haraka na magneto ni safi, ungeweza kuja hapa moja kwa moja. Ioshe kwanza. Tope lililokauka nyuma ya jani moja, au maji yaliyokaa ndani ya koni ya mbele (kifuniko cha kitovu cha propela), yametosha kumsumbua mtu.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele. Kinachokwaruza ukucha kinahitaji jicho la fundi, kwa kuwa ufa huanzia kwenye kidonda. Usikipige tupa mwenyewe kwa sababu umeona video. Tazama sahani iliyo nyuma ya koni kama ina ufa kwenye matundu ya skrubu, na kama kuna skrubu au uzito mdogo wa mizani uliopotea. Kwenye propela inayobadilisha pembe, grisi iliyotapakaa kwenye jani moja inamaanisha mizani imehama.

Halafu pima mapito, yaani kama majani yote yanapita kwenye mstari mmoja. Plagi moja kwa kila silinda itolewe, kigogo kiwekwe kikigusana karibu na ncha ya jani, geuza taratibu, pima la pili. Kwa propela ndogo ya chuma tofauti isizidi inchi 1/16, kama milimita 1.6. Kwa ya mbao isizidi inchi 1/8. Ikizidi, jani limepinda au propela haijakaa sawa kwenye flanji.

Ya mbao ina tabia zake. Mbao inavimba na kusinyaa na unyevu, kwa hiyo ukazo wa bolti hubadilika na majira. Na ukiegesha, ilaze sambamba na ardhi. Ikisimama wima unyevu unashuka kwenye jani la chini, na asubuhi una propela yenye mguu mmoja mzito.

Kama yote ni mazima na mvumo upo, ndipo wakati wa kupima mizani ikiwa inazunguka. Kifaa kinasoma kwa inchi kwa sekunde. Chini ya 0.2 inakubalika, wengi hulenga 0.07. Ikianza juu ya 1.2, propela itolewe kwanza ikapimwe ikiwa imesimama. Usikubali mtu afunge uzito mkubwa kuficha kitu kilichokuwa sawa wiki iliyopita. Mizani haipotei yenyewe usiku mmoja.

9. Raba za injini na vinavyogusana.

Injini imekaa juu ya raba, na raba huzeeka. Zikilowa oili huzeeka haraka zaidi. Tazama koni ya mbele kutoka pembeni: kama imeshuka chini ya mstari wa boneti, raba zimechoka. Kwa ndege nyingi raba ya juu na ya chini si za aina moja ingawa sura zinafanana, na nimewahi kuzikuta zimebadilishana nafasi. Injini ilikuwa nzima kabisa, ila kila mtetemo wake ulikwenda moja kwa moja kwenye viti.

Sasa rudi kwenye ule mng'ao. Bomba la moshi likigusa boneti kwa upana wa kidole tu, mvumo wote unaingia kwenye dashibodi. Tafuta pia hozi iliyobana, waya wa throto uliokazwa mno, bati la kuelekezea hewa linalogonga. Mtikisiko huja na nguvu fulani tu, kwa sababu injini hujipinda kidogo ikivuta. Ndiyo maana ukiitafuta imezimwa huioni. Paka rangi laini au chaki mahali unaposhuku, ruka, kisha tazama palipofutika.

10. Jaribu tena, badiliko moja kwa wakati.

Ukibadilisha vitu vitatu na mtikisiko ukaisha, hujui ulichotibu. Ukirudi mwezi ujao utaanza upya. Ruka juu ya uwanja kwanza, na uandike mizunguko ileile uliyoandika kwenye hatua ya 1.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubadilisha plagi zote kwa sababu moja ni mbovu. Kulaumu magneto bila kupima waya wake. Kusahau kwamba geji ya mzunguko yenyewe inaweza kudanganya: ukidhani uko nje ya eneo lenye rangi kwenye geji, kumbe uko ndani yake. Maeneo hayo yapo kwenye baadhi ya injini na propela kwa sababu pale chuma cha jani hutetemeka kwa kujichosha, na wewe kwenye kiti unaweza usihisi chochote. Pima geji kwa kipimo cha mwanga walau mara moja kwa mwaka.

Imefanyika yote na bado

*Inakuja na kuondoka bila mpangilio.* Waya wa magneto, swichi ya ufunguo, au kitu kinacholegea kikipata moto. Rudia hatua ya 4 mara tu baada ya kutua, injini ikiwa ya moto sana.

*Imeanza baada ya matengenezo makubwa.* Fungua karatasi za kazi, soma kila kilichotolewa na kurudishwa, anza na cha mwisho.

*Nguvu imepungua na sauti ya moshi imebadilika.* Bati la ndani ya bomba la moshi limeanguka na kuziba njia. Fundi aitazame ndani kwa tochi na kioo.

*Imeanza ghafla hewani.* Joto la kabureta lote, mchanganyiko, tangi jingine, pampu, kisha magneto moja moja, ukielekea uwanja wa karibu. Ikiwa upande mmoja ni laini, baki nao mpaka utue. Lakini ikiwa ni mtikisiko wa kutisha, wa kufanya usione geji, usianze kujaribu vitu. Funga throto na punguza mwendo. Huenda kipande cha jani kimekatika, na propela isiyo sawa kiasi hicho inaweza kuing'oa injini kwenye maunti zake. Mtikisiko usipotulia mara moja, zima injini, nyanyua pua kidogo mpaka propela isimame bila kuangusha mwendo hadi mbawa zishindwe kuibeba ndege, kisha rudi kwenye mwendo wa kuteleza na uchague mahali pa kutua. Ndege isiyo na injini inateleza. Ndege iliyopoteza uzito wote wa mbele haiongozeki.